Mkaguzi Aliyerudisha Ng'ombe

Ijumaa, tarehe 29 Julai 2016, saa kumi na moja jioni, Bwana Crisanto Magbanua alikabidhi funguo, kitambulisho na tochi ya jiji, akastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi wa umma katika miji mitatu: Buffalo, Columbus na hapa kwetu Louisville, ambako amekuwa Mkaguzi Mkuu wa Nyumba za Kupanga kwa miaka kumi. Mimi ninaandika Jumatano na ninyi mnasoma Jumamosi, ukumbini Beechmont, kwa hiyo kwenu hiyo Ijumaa ni jana. Chakula kipo. Wapishi wameshaanza kugombania jiko.

Wasifu wa Kiingereza, ulio upande wa pili wa karatasi hii, umeandikwa na idara. Ni mzuri, una aya nne, na hauna ng'ombe. Wasomaji wa Kiswahili wanajua kwamba habari za mzee huyu bila ng'ombe hazijaelezwa, ndiyo maana upande huu nimepewa mimi, Chimène Murhula, mkalimani wa ofisi. Na niseme mapema kilichotukosesha raha tangu tuanze kupanga sherehe hii. Si keki wala hotuba. Tulikuwa tunajiuliza kama Mzee Ruberwa, ambaye hajamsalimu Mzee Crisanto kwa zaidi ya miaka miwili, atakuja au hatakuja.

Mzee Crisanto alizaliwa mwaka 1951 katika kisiwa cha Panay, nchini Ufilipino. Baba yake alilima mpunga kwenye ardhi ya tajiri mmoja na kugawana naye mavuno, na mnaweza kukisia nani alipata gunia kubwa. Mwaka 1972, kijana akiwa chuoni anasomea ujenzi, rais wa nchi alitangaza utawala wa kijeshi, akafunga magazeti na kujaza magereza. Crisanto aliacha masomo, akapanda milimani pamoja na vijana wenzake kupigana na dikteta huyo. Alikaa huko miaka minane.

Sisi tunaotoka Kivu tukisikia kwamba mtu alikuwa msituni na bunduki, hatupigi makofi haraka. Tumekimbizwa na watu wa namna hiyo, na kila mmoja wao alikuwa na hotuba tamu. Mimi mwenyewe, nilipodokezwa habari zake wiki yangu ya kwanza ofisini, nilisogeza kiti changu karibu na mlango. Mzee aliona. Baadaye alinieleza bila kujipamba kwamba bunduki alikuwa nayo, kwamba aliiogopa, na kwamba mara nyingi alichobeba ni sufuria la kikosi kizima kwa sababu ndiye aliyekuwa na mgongo mpana. Yapo mambo ya miaka ile ambayo hakuyasema, nasi hatukuyachimba. Aliwahi kutaja tu kwamba kuna mama mmoja huko Panay ambaye angependa kumwomba msamaha, na hajui kama bado yu hai. Siku hiyo nilirudisha kiti changu mahali pake.

Alikamatwa mwaka 1980 nyumbani kwa mjomba wake, askari walipogonga mlango kukiwa bado hakujapambazuka. Gerezani aliambiwa kwamba atatoka siku hiyohiyo akikubali kwenda redioni kuwakana wenzake, mmoja mmoja, kwa majina. Alikataa. Waliokubali walitoka, na hadi leo Mzee hawasemi vibaya. Yeye alikaa ndani miaka sita, mpaka dikteta alipoangushwa mwaka 1986 na milango ya magereza ikafunguliwa.

Mkewe, Luzviminda, ambaye sote tunamwita Mama Luz, alikuwa ametangulia Buffalo akifanya kazi ya uuguzi. Mumewe alimfuata, akashuka katikati ya theluji na viatu vya kanisani. Aliosha vyombo katika jiko la hospitali, na mwaka uliofuata jiji likamwajiri kuwa msaidizi wa wakaguzi wa nyumba. Kazi ilikuwa kubeba ngazi. Mtu aliyeapa kuiangusha serikali sasa alikuwa anaishikilia ngazi isianguke, na utani huo ni wake mwenyewe, si wangu.

Walipanga Grant Street, juu ya duka la fundi viatu, kwenye vyumba vilivyovuja kila mvua ikinyesha. Alipopandishwa cheo na kupewa mamlaka ya kuziandikia nyumba mbovu amri ya matengenezo, nyumba ya kwanza kuiandikia ilikuwa hiyo aliyolala. Mwenye nyumba alitengeneza paa lote, kisha akakataa kuwaongezea mkataba. Mama Luz anasimulia kwamba alipakia masufuria yake bila kusema neno, na neno lilipokuja kutoka lilikuwa refu. Mzee hujitetea kwamba angalau waliohamia baada yao walilala pakavu.

Columbus alihamia mwaka 1996, na huko ndiko alikopata tabia ambayo wakaguzi wengine wameicheka mpaka wamechoka. Siku moja alikwenda kukagua nyumba ya mama mmoja mkimbizi, akagonga mlango kwa ngumi kama alivyofundishwa kazini. Mama yule alimchukua mtoto wake akatorokea dirishani, upande wa nyuma, bila viatu. Walimkuta amejificha nyuma ya mapipa ya taka. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini Mzee alirudi nyumbani hawezi kula, kwa kuwa hodi ile ya ngumi aliyowahi kupigiwa na askari, sasa yeye ndiye aliyeipiga mlangoni mwa mtu. Tangu hapo hajagonga mlango wa mpangaji yeyote. Hufika, husimama nje mahali anapoonekana vizuri madirishani, huvua kofia, huweka kopo lake la wali juu ya boneti ya gari, hula taratibu na kungoja. Leo wasipofungua, hurudi kesho. Wakubwa wake walimwambia kwamba hiyo si kazi, ni pikiniki. Lakini milango ilifunguliwa kwake ambayo wenzake hawakuwahi kuona ndani yake kukoje.

Hapa Louisville alifika mwaka 2006. Ni yeye aliyesababisha matangazo ya wapangaji yaandikwe kwa Kiswahili, na ni yeye aliyepigania ofisi iajiri wakalimani, kwa hiyo mshahara wangu nao ni tunda la mapinduzi. Kuna majengo kule Iroquois ambayo leo yana ngazi za nje imara kwa sababu Mzee alizipanda zile za zamani mwenyewe, zikamvunjikia. Alivunjika mguu, akafungwa plasta mwezi mzima, na kuuonyesha mguu huo kwenye kila kikao kama ushahidi.

Sasa tufike kwenye jengo la Beechmont, maana najua mnaruka mistari mkiitafuta sehemu hii.

Januari 2014 baridi ilikuwa ya kuua, na hita ya jengo lile ilikuwa imekufa kabla ya Krismasi. Familia zilizokuwa humo, wengi wao ndugu zetu kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini, ziliwasha majiko na kuacha milango ya oveni wazi ili watoto wapate joto. Mwenye jengo aliishi mbali na hakushika simu. Sheria ilimpa Mzee njia nyepesi, yaani kubandika karatasi nyekundu mlangoni na kulifunga jengo, watu watoke waende wanakokujua. Alikataa njia hiyo. Alitaka mwenye jengo alazimishwe kuweka hita mpya watu wakiwa ndani ya nyumba zao, na kwa hilo alihitaji wapangaji wamfungulie milango, aone, apige picha, aandike.

Hawakumfungulia. Alisimama kwenye maegesho na wali wake, theluji inamwangukia kwenye upara, siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu, Mzee Ruberwa, mfugaji tangu utotoni huko Minembwe na sasa mfanyakazi wa ghala, alishuka kwa hasira na blanketi mabegani.

“Wee muzee, unataka kufa na baridi ku parking yetu juu ya nini? Ingia, bwana!”

Ndivyo alivyoingia. Mama Mukandoli, mke wa Ruberwa, alimletea maziwa ya mgando, kikombe kikubwa kimejaa mpaka juu. Tumbo la Mzee Crisanto na maziwa havijawahi kupatana tangu azaliwe, lakini alikunywa yote, akashukuru, akaongezewa. Kurudi ofisini niliendesha gari mimi, kwa kasi, na zaidi ya hapo sitasema. Kila alipokwenda alikunywa. Milango ya jengo lote ikafunguka.

Kikao cha hadhara kilifanyika mwezi Machi. Wakubwa wa jiji walikaa mezani mbele, wakili wa mwenye jengo upande mmoja, na mwananchi yeyote aliruhusiwa kuja kwenye kipaza sauti na kusema. Mzee Ruberwa alikuja na suti yake ya harusi za watu, kofia na fimbo. Mimi nilisimama kando yake kutafsiri.

“Bon,” alisema. “Mimi ni Ruberwa. Huyu muzee alisimama mu baridi juu ya batoto yetu. Kwetu, mutu kama huyu hatumuambiake aksanti ya mudomo tu. Donc leo, mbele ya serikali yote, niko namupa ngombe. Ni ya kahawia, iko na alama mweupe ku uso, iko kwa mudogo yangu Minembwe. Mukuwe bashahidi.”

Kazi yangu ni kutafsiri, nikatafsiri, pamoja na alama ya usoni. Mwenyekiti aliniuliza kama nina hakika. Nyuma ya ukumbi akina mama walipiga vigelegele. Mzee Crisanto hakujua afanye nini, akasimama na kuinama, na mpiga picha wa gazeti akapata picha yake. Nilimwona wakili akitabasamu.

Wasiojua mila za kule juu wanisikilize kidogo. Ng'ombe wa kupewa hachinjwi wala hauzwi; huyo ni undugu. Mkishapeana mmeshakuwa jamaa, mtazikana na kuozeshana. Na ng'ombe anayetolewa kwa kificho hajatolewa, lazima wawepo mashahidi wenye uzito. Katika maisha yake yote Mzee Ruberwa hakuwahi kuona mashahidi wazito kama wale waliopangwa mezani siku hiyo, kila mmoja na kipaza sauti chake na glasi ya maji. Alichagua mahali pa heshima kuliko pote alipopajua. Hakuna Mmarekani ambaye angefanya kosa hilo, na mimi binafsi ninampenda Ruberwa kwa kosa hilo.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sheria ya jiji inasema mkono wa mkaguzi uwe mtupu, basi. Haikupita wiki, wakili alipeleka mashtaka kwenye kamati ya maadili: mkaguzi amehongwa ng'ombe, mbele ya mashahidi, na ameinama kukubali. Kwa hiyo afukuzwe bila pensheni, na yote aliyoyaandika kuhusu jengo lile yafutwe. Yakifutwa, hakuna hita, na msimu mwingine wa baridi unakuja.

Wakubwa wake walimpenda na wakamtafutia mlango wa nyuma. Aseme tu kwamba hakuna ng'ombe. Kwamba yalikuwa maneno ya mzee wa watu aliyechanganyikiwa, asiyejua hata alikuwa wapi. Kamati ingecheka na kulifunga faili. Mzee Crisanto alikataa. Aliiambia kamati kwamba ng'ombe yupo, kwamba amepewa yeye, na kwamba aliyempa ana akili timamu kuliko wengi mle chumbani. Kamati ikamjibu kwamba kama ni hivyo, basi amrudishe, mbele ya mashahidi.

Tulikwenda nyumbani kwa Ruberwa Jumamosi moja ya Aprili, mchana. Alivaa tai. Alikuwa amejifunza maneno yake kwa Kiswahili wiki nzima, akiyasema garini, akiyasema kwenye lifti. Wazee wa jengo walikuwa wamekaa sebuleni, maziwa yameshaletwa.

“Muzee,” alisema Mzee Crisanto, “nikikaa na ngombe, hita haitawaka. Naomba uichukue.”

Ruberwa aliitazama tai ya mgeni wake. Kisha alisema, na hili sikuhitaji kulitafsiri:

“Kumbe wewe ni serikali. Mimi nilifikiri ni mutu.”

Akanyoosha mkono, akakiondoa kikombe cha maziwa mbele ya mgeni wake, akakipeleka jikoni mwenyewe.

Ndani ya gari Mzee alilia. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata alipovunjika mguu. Alisema kule gerezani ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa aliyetaka awakane wenzake alikuwa adui, na kukataa kulikuwa na ladha. Sasa amemkana mtu mchana kweupe, amevaa tai, kwa sababu nzuri. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia kwa ajili ya Ruberwa aliyebaki jikoni na kikombe, na hakuna kati yao aliyekuwa na makosa ninayoweza kuyaonyesha kwa kidole.

Kamati iliridhika, ikampa onyo la maandishi na kumwacha kazini. Amri juu ya jengo ilisimama, na hita mpya iliwekwa kabla ya majani kuanguka. Majira ya baridi yaliyofuata, watoto wa jengo lile walilala bila makoti. Mama Mukandoli alikuwa akiniita pembeni kanisani na kunong'ona, “Umuambie moto inawaka. Usiseme ni mimi nilisema.” Lakini mumewe alishika msimamo wake. Wakikutana dukani, Mzee Crisanto huvua kofia, na Ruberwa hutazama mchele. Imekuwa hivyo kwa miaka miwili na zaidi. Nimemwona Mzee akirudi ofisini baada ya kukutana naye, akakaa kwenye kiti chake na koti lake bado mwilini, hafanyi chochote. Ametunukiwa vyeti vitatu katika miaka hiyo na sidhani anakumbuka viko wapi.

Jumanne wiki hii, Mzee Ruberwa alikuja ofisini. Hakuwahi kukanyaga hapo kabla. Mzee Crisanto alikuwa nje kazini, na nilivyoona ni kwamba Ruberwa aliingojea nafasi hiyo. Alibaki amesimama mbele ya meza yangu.

“Huyu muzee, serikali inamuachilia lini?”

Nilimwambia Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

“Na saa kumi na moja ikipita, atakuwa nani?”

Nikamwambia kwamba ikipita hiyo, hatakuwa mkaguzi, hatakuwa mkubwa, hatakuwa na kamati wala sheria ya kumfunga mikono.

“Donc atakuwa mutu.”

“Mutu tu, papa.”

Hapo ndipo alipoketi, akaikalia kofia yake bila kujua, kisha akainuka akaikunjua polepole.

“Ngombe yake iko,” alisema. “Sikumupatiake mutu mwingine. Ningeipatia nani? Imezala mara mbili. Andika jina yangu ku programme.”

Nililiandika kwenye ratiba ya sherehe. Nilipanda basi la kurudi nyumbani nikilia kwa furaha, na abiria wenzangu walinihurumia bure.

Mzee Crisanto, haya hujaambiwa na mtu. Nilitaka uyasome mwenyewe, kwa Kiswahili ulichoendelea kujifunza tangu siku ile ya tai, ndiyo maana hayapo upande wa Kiingereza. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kushika cheo cha serikali na bado akamngoja mnyonge amfungulie kwa hiari yake. Umetuwekea joto nyumbani, na ukalilipia kwa kitu ambacho ulikipenda kuliko cheo. Kwa yote hayo, watu wa Beechmont, wa Iroquois, na wale wa Buffalo na Columbus waliotuma salamu zao, wanakushukuru kwa moyo wote. Wewe na Mama Luz muishi siku nyingi na njema, mpate afya, usingizi, na wajukuu wa kuwachosha.

Ukiinua macho kwenye karatasi hii, utamwona Mzee Ruberwa amesimama mbele, kofia yake imekunjamana kidogo. Mashahidi ni sisi sote tulioketi humu, na serikali haikualikwa. Nenda kampokee ng'ombe wako, na ndama wake wawili.